Inodi haitolewi nje kabla ya arobaini

Hii ndo hotuba niliyoitoa Jumamosi kwenye mkutano wetu, naiweka yote kwa ajili ya mliokosa maana meseji zimekuwa nyingi. Slaidi sijaweka, zilikuwa picha za skrini nyeusi tu na projekta yenyewe ilikuwa inachezacheza, hamjakosa kitu. Pale watu walipocheka sijaandika, mtapaona wenyewe.

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Asanteni kwa kuja, na asanteni zaidi nyie mliojua kabisa mada ya leo ni inodi na bado mkaja.

Nianze na swali dogo. Nani hapa amewahi kuhamia chumba cha kupanga? Naona mikono mingi. Haya, ile siku ya kwanza umepewa ufunguo, umefungua mlango, ulikuta nini ndani? Dada pale nyuma anasema panya. Sawa, panya. Mimi nilikuta ndoo iliyotoboka, kalenda ya miaka miwili nyuma, na juu ya dirisha bahasha yenye majibu ya vipimo vya yule mpangaji aliyehama. Jina lake, umri wake, ugonjwa wake, vyote. Mwenye nyumba hakuwa na nia mbaya jamani, kazi yake yeye ni kukupa ufunguo na kupokea kodi, kufagia hakukuwemo kwenye makubaliano.

Na hivo ndo keneli ya Linux, ile programu ya ndani kabisa inayoendesha mashine, inavyogawa memori. Ukiomba kwa kmalloc, funksheni yake ya kuombea memori, unapewa ufunguo, basi. Chumba hakijafagiwa. Barua za aliyekutangulia ziko juu ya dirisha. (Na kuanzia hapa nikisema kodi nina maana ya kodi ya programu, TRA wapumzike kidogo.)

Kwa ambao hawagusi mambo ya keneli, niwaweke sawa haraka haraka. Faili lina yaliyomo, alafu lina taarifa zake: mwenyewe ni nani, kundi gani, ruhusa zipi, ukubwa, limeguswa lini mara ya mwisho, data yake iko kwenye bloku (vipande) zipi za diski. Hizo taarifa ndo metadata na zinakaa kwenye kitu kinaitwa inodi. Kwenye ext4, mfumo wa mafaili unaotumika sana kwenye Linux, inodi ya kawaida ni baiti 256, kwa iyo bloku moja ya baiti 4096 inabeba inodi 16, kama nusu trei ya mayai na moja ya nyongeza. Sasa shikeni hili: jina la faili halimo kwenye inodi. Jina linakaa kwenye folda, na folda ni orodha tu, jina hili namba hii, jina lile namba ile. Jina liko huku, inodi iko kule, na nusu ya balaa la leo linatokea hapo katikati.

Haya, tuanze na kufagia.

Mwaka 2005 kulionekana kitu kwenye ext2, babu wa ext4, ambacho mimi nikikifikiria mpaka leo nacheka kwa uchungu. Ukiandika mkdir, amri ya kutengeneza folda, keneli inachukua bloku moja mpya na kuweka humo majina mawili, nukta moja ambayo ni folda yenyewe, na nukta mbili ambayo ni mzazi wake. Tuhesabu wote, simu chini. Kila ingizo lina baiti 4 za namba ya inodi, 2 za urefu wa ingizo, 1 ya urefu wa jina, 1 ya aina ya faili. Ngapi hizo? Nane. Alafu jina lenyewe, linasogezwa mpaka ligawanyike kwa 4. Nukta moja inakula 12. Nukta mbili inakula 12. Jumla 24. Bloku ni 4096. Zimebaki ngapi?

4072. Na hizo 4072 nani alizifagia? Hakuna. Ingizo la nukta mbili linajitangaza kwamba urefu wake unafika mpaka mwisho wa bloku, kwa iyo ls, amri ya kuorodhesha mafaili, inaruka, kila programu inayosoma folda inaruka, hakuna anayeangalia pale, lakini diskini zinaandikwa vilevile, zikiwa na chochote kilichokuwa kwenye memori kabla. Inaweza kuwa kipande cha barua ya mtu, inaweza kuwa nenosiri, inaweza kuwa takataka tu. Sasa tengeneza folda 100 kwenye flashi, una karibu kilobaiti 400 za memori ya keneli mfukoni mwako na hukumuomba mtu ruhusa. Ilipewa namba CVE-2005-0400 (CVE ni orodha ya mashimo ya usalama yanayojulikana), ikarekebishwa kwenye toleo 2.6.11.6. Mnataka kujua marekebisho yalikuwaje? memset moja. Mstari mmoja wa kujaza sifuri. Mstari mmoja!

Mnadhani tulijifunza? Mwaka 2019, miaka 14 baadaye, ukoo uleule, ext4 safari hii, CVE-2019-11833. Kuna bloku zinazobeba ule mti unaosema data ya faili iko wapi, na sehemu ya bloku ambayo mti haujaifikia ilikuwa inaandikwa diskini bila kufagiwa. Watu waliouandika ule mfumo ni wazuri kuliko sisi wote humu ndani, nawaambia ukweli. Tatizo la kosa hili ni kwamba halionekani. Programu inafanya kazi, majaribio yanapita, faili linasomeka, fsck, mkaguzi wa mfumo wa mafaili, haina neno. Hakuna kinacholia. Kosa la kutoandika kitu halina mstari unaoweza kuunyooshea kidole, maana ule mstari haupo.

Mimi mwenyewe nilikuwa nayasoma haya kama habari za majirani. Mpaka nilipoandika mfumo wangu mdogo wa mafaili kwa ajili ya kujifunza, kitu cha mistari kama elfu moja hivi, nakiendesha kwenye mashine pepe ya QEMU, diski yenyewe ni faili la megabaiti moja. Nikafanya mkdir, nikaiondoa diski (unmount), nikaifungua kwa xxd, programu ya kuonyesha baiti moja moja, nione kazi yangu nzuri. Nikaona nukta, nikaona nukta mbili, safi kabisa, nikashuka chini kidogo nakuta maandishi. Maandishi yanasomeka! Kipande cha faili la mipangilio lililosomwa na mashine dakika chache kabla, na chini yake jina la folda ya nyumbani kwangu na amri niliyoipiga asubuhi ile. Nilikaa kimya kama dakika nzima. Memset nilikuwa naijua, kuhusu CVE ya 2005 nilikuwa nimesoma, na bado.

Kwa iyo ukiandika kitu kitakachokwenda diskini, jaza sifuri kwanza chote, cho-te, alafu ndo uanze kuweka sehemu moja moja. Angalia ext4 inavyofanya, inodi ikiwa mpya kabisa ina alama ya kuonyesha ni mpya, na siku ya kwanza inapoandikwa diskini ile nafasi yake nzima inajazwa sifuri kabla ya kuwekwa chochote. Hawasemi "sehemu hizi tutazijaza wenyewe". Kesho atakuja mtu aongeze sehemu mpya asahau, wanamjua huyo mtu, wamewahi kuwa yeye.

Hapo kuna mtego mwingine ambao kwa maoni yangu ndo mbaya zaidi na hausemwi sana, na huu nitakaa nao kidogo mnisamehe.

Inodi kwenye memori haiombwi kwa kmalloc kila mara, ingekuwa taratibu. Keneli ina kabati la inodi zilizokwishatumika, ukiomba unapewa moja ya zamani. Ukifungua slabtop saa hizi kwenye laptopu yako utaona ext4_inode_cache, hilo ndo kabati. Sasa unapotengeneza kabati lako unaruhusiwa kulipa funksheni ya kuandaa vitu vyake, wengi tunaiita init_once. Jamani, init ONCE. Once maana yake nini? Mara moja! Inaitwa mara moja kile kipande cha memori kinapoingia kabatini, haiitwi tena kinapotolewa kumpa mtu wa pili, wa tatu, wa mia. Humo unaweka vitu kama kufuli na vichwa vya orodha ambavyo vinarudi kabatini vikiwa kama vilivyotoka. Vitu vya kila faili unaviandaa kwenye alloc_inode, na vile vya jumla keneli yenyewe inaviandaa kwenye inode_init_always. Once na always, majina yanapiga kelele kabisa, na mimi nikasoma nikapita.

Mimi kwenye kimfumo changu nilikuwa na safu ya namba nane za bloku, data ya faili iko wapi. Nikaziweka sifuri wapi? Kwenye init_once. Majaribio yakapita yote, maana kila jaribio lilianza na mashine iliyowashwa upya, kabati jipya, vitu vipya. Alafu siku moja nikaacha mashine ikiwa hewani muda mrefu, nikajaza diski makusudi nione inavyosema imejaa, nikasafisha kabati kwa kuandika 2 kwenye drop_caches, nikafanya mkdir. Ikasema hakuna nafasi. Vizuri, ndo nilichotaka. Nikafanya tena, ikakubali! Nikashangaa, nafasi imetoka wapi na sijafuta kitu? Nikaandika faili ndani ya ile folda mpya. Alafu nikasoma barua.txt ambalo nililiandika mwanzo kabisa, na ndani yake nikakuta baiti za folda ile mpya.

Ilinichukua siku tatu. Sikilizeni kilichotokea. Mkdir ya kwanza ilipewa inodi kutoka kabatini, inodi ambayo mwanzo ilikuwa ya barua.txt, na ile safu ya namba za bloku ilikuwa bado ina namba za barua.txt. Ikaenda kutafuta bloku ya folda, hakuna nafasi, ikarudi na kosa. Kodi yangu ya kosa ikafanya kama vitabu vinavyosema, ikaiachia ile inodi kwa iput. Keneli ikaona inodi haina jina hata moja, basi hii imekufa, ikaita kodi yangu ya kusafisha marehemu, na ile kodi ya kusafisha ikasoma namba za bloku ikazirudisha zote kwenye hesabu ya bloku tupu. Bloku za barua.txt! Ambayo iko hai! Mazishi yalifanyika, marehemu akiwa mtu mwingine.

Ndo maana nawaambia kodi ya kosa ni sehemu ya kuandaa inodi, siyo kitu cha kumalizia Ijumaa jioni. Kila hatua unayopiga jiulize, nikianguka hapa, anayekuja kusafisha atasoma sehemu zipi? Na hizo sehemu zimeshaandaliwa? Inodi nusu ni hatari kuliko hakuna inodi. Mashine za kutafuta bagi kama syzkaller zinapata makosa ya namna hii kila kukicha, kwa sababu yenyewe haichoki kujaza diski na kuiharibu makusudi, sisi binadamu tunajaribu njia nzuri tu alafu tunaenda kula. Na tangu toleo 6.1 la mwaka 2022 keneli kuu ina KMSAN, inafuatilia memori ambayo haijaandaliwa mpaka inapotumika, ndo hapo inapiga yowe. Ingekuwepo kwangu zile siku tatu ningezitumia kulala.

Haya. Tumefagia. Sasa lini unamtoa mtoto nje?

Kwetu pwani mtoto akizaliwa hatolewi nje kabla ya arobaini. Mama na mtoto wako ndani, wageni wanakuja wanaishia sebuleni, wanaambiwa hongera, wanaacha zawadi, wanasubiri. Siku ya arobaini mtoto ameshanyolewa, amepewa jina, anatoka. Nani hapa bibi yake aliwahi kumkatalia mgeni mlangoni? Basi bibi yako angeweza kuandika keneli.

Kwenye Linux arobaini inaitwa I_NEW. Inodi mpya inapoingizwa kwenye jedwali la inodi inabandikwa hiyo bendera. Mtu mwingine akija kuitafuta kwa namba yake anaikuta ipo, hawezi kutengeneza nyingine ya namba ileile, lakini anasubiri mlangoni mpaka bendera iondolewe. Ukimaliza kuandaa kila kitu unaita unlock_new_inode, wageni wanaingia. Ukishindwa katikati unaitupa kwa njia yake maalumu, wageni wanaambiwa hakuna kitu hapa.

Kaka mmoja alininong'oneza kabla hatujaanza, akasema sasa nani atakuja kuitafuta inodi ambayo haina hata jina bado? Swali zuri sana. NFS, ule mfumo wa kusoma mafaili ya mashine nyingine kupitia mtandao. NFS haitumii majina, inatumia handeli, yani kitambulisho cha faili, na ndani ya handeli kuna namba ya inodi. Mtu anaweza kuja na handeli ya kubahatisha kabisa, namba 5012 nipe, wakati wewe uko katikati ya kuizaa 5012. Na hii siyo hadithi ya darasani. Mwaka 2018 Al Viro, ambaye ni mmoja wa walezi wa hii sehemu ya keneli, alilazimika kuandika funksheni moja inaitwa d_instantiate_new kwa sababu mifumo mingi ilikuwa inafanya mambo mawili ya mwisho kwa mpangilio mbaya. Kuna kuiunganisha inodi na jina lake kwenye memori, na kuna kuondoa bendera. Ukiondoa bendera kwanza kunabaki upenyo, mdogo, wa kufumba na kufumbua, ambapo mkdir haijamaliza na mtu wa handeli anaingia, na folda moja inajikuta ina majina mawili kwenye memori, kitu ambacho folda hairuhusiwi kabisa. Siku zote mtu akikwambia "upenyo ni mdogo sana hakuna atakayeuotea" muulize kama amewahi kuona seva yenye kori 64.

Kwa kupita tu, hiyohiyo handeli ina namba nyingine inaitwa jenereisheni. Namba za inodi zinatumika tena faili likifutwa, kwa iyo inodi mpya lazima ipewe jenereisheni tofauti, la sivyo mtu aliyeshika handeli ya faili lililokufa jana anafunguliwa faili lako la leo. Sehemu ndogo, baiti 4, inasahaulika kirahisi. Tuendelee.

Hiyo ni memori. Diskini je? Diskini mgeni asiyesubiri mlangoni ni umeme. Unakatika unapotaka wenyewe. Kutengeneza faili moja kunagusa angalau sehemu tatu: ramani ya inodi zipi zimechukuliwa, inodi yenyewe, na folda inayobeba jina. Diski haiandiki zote tatu kwa pumzi moja. Ipi ianze?

Watafiti Ganger na Patt mwaka 1994 waliliweka vizuri, na McKusick akaja kulitia kwenye BSD, mfumo endeshi mwingine, kwa jina la soft updates. Kanuni yao ya kwanza kwa Kiswahili chetu: usinyooshe kidole kwa kitu ambacho hakijaandaliwa. Inodi iandikwe kwanza, jina baadaye. Umeme ukikatika katikati una inodi isiyo na jina, fsck inaiokota, umepoteza baiti 256 na heshima kidogo. Geuza sasa, jina liandikwe kwanza. Umeme umekatika. Ukiwasha una jina linaloelekeza kwenye inodi ambayo haijaandikwa, na pale diskini pana nini? Pana mabaki ya inodi ya zamani, faili la mtu lililofutwa wiki iliyopita, na ruhusa zake, na orodha ya bloku ambazo sasa hivi ni za mtu wa tatu. Bora uwe na kiwanja kisicho na hati kuliko hati ya kiwanja cha mwenzio, na hapa mjini wote tunajua kesi ya pili inaishia wapi.

Ext3 ilikuja na njia nyingine, iliingia keneli kuu kwenye 2.4.15 mwaka 2001, wao wanaandika daftarini kwanza. Zile sehemu tatu zinaandikwa kwenye daftari kama muamala mmoja, kama M-Pesa, ama pesa imetoka kwako na imefika kwake au hakuna kilichotokea. Nzuri. Ila daftari halikuokoi kama wewe mwenyewe umegawa kazi kwenye miamala miwili. Mfano ni lebo za usalama za SELinux, ule ulinzi wa ziada wa Linux. Lebo ya faili jipya inatakiwa iwe kwenye muamala uleule uliolizaa, ndo maana security_inode_init_security inaitwa humohumo ndani ya kutengeneza inodi. Ukisema nitaiweka baadaye, umeme unakatika kati ya "sasa" na "baadaye", na unaamka na faili lisilo na lebo.

La mwisho, mwenye mali. Na hapa nitoke kidogo kwenye keneli maana hili linawahusu hata nyie wa Python.

Sehemu moja niliyowahi kufanya kazi, sitaitaja, kulikuwa na skripti ya kutoa orodha ya mishahara kila mwisho wa mwezi kwenye seva inayotumiwa na watu wengi. Skripti inafungua mishahara.csv, alafu mstari wa pili inafanya chmod 600 ili asome mwenyewe tu, alafu inaandika. Mnaona shida? Kati ya mstari wa kwanza na wa pili faili lina 644, kila mtu anasoma. "Lakini halina kitu bado," ndo alichosema aliyeiandika. Kweli, halina kitu. Sasa kijana mmoja wa idara nyingine alikuwa ameacha kiprogramu chake kinalingojea lile jina. Faili likazaliwa, kile kiprogramu kikalifungua, chmod ikaja imechelewa. Na ruhusa zinaangaliwa wakati gani? Wakati wa kufungua! Ukishafungua umefungua, chmod haimtoi mtu aliyekwishaingia ndani. Mishahara ikaandikwa mstari kwa mstari na kiprogramu kikaisoma mstari kwa mstari, yule kijana yuko kwenye kiti chake anakunywa chai. Wiki hiyo ofisini hapakukalika.

Ndo maana open yenye O_CREAT, yani fungua na kama halipo litengeneze, inapokea ruhusa palepale. Faili linazaliwa na ruhusa zake, halivishwi baadaye. Weka 0600 wakati wa kulizaa, weka na O_EXCL ujue ni wewe umelizaa.

Na ndani ya keneli ni hilohilo. Kuna inode_init_owner, iliwekwa 2010 ili mifumo yote iache kuandika kila mmoja yake jinsi ya kumpa faili mwenyewe, kundi na ruhusa. Mwaka 2018 Jann Horn wa Google akaonyesha shimo. Una folda yenye setgid ya kundi la wahasibu, yani kila kinachozaliwa humo kinakuwa cha kundi la wahasibu. Folda ina ruhusa ya kuandika kwa watu wasio wahasibu. Mtu wa nje anazaa humo faili lenye setgid na ruhusa ya kuliendesha, na tayari ana programu inayokimbia kwa mamlaka ya kundi ambalo yeye hayumo. Ni CVE-2018-13405, wakarekebisha: kama hauko kwenye kundi na huna mamlaka maalumu, ile biti ya setgid inaondolewa wakati wa kuzaliwa.

Imeisha? Haijaisha. XFS, mfumo mwingine wa mafaili, ilikuwa na kodi yake yenyewe ya kuandaa inodi, haikupitia pale, kwa iyo shimo likabaki wazi kwake mpaka 2021, likapewa namba yake, CVE-2021-4037. Miaka mitatu! Mimi nikiona mtu anajiandikia upya kitu ambacho keneli inacho tayari, siku hizi naomba anieleze kwa nini, na "kwangu ni haraka zaidi" sipokei.

Muda umekwisha, naona mratibu ananionyesha saa, nilipata swali moja tu na ninaliweka hapa kwa sababu lilikuwa zuri kuliko hotuba. Mdogo wangu mmoja wa mwaka wa pili alisimama akasema: mwalimu, si tangu keneli 5.3 kuna init_on_alloc=1, keneli inajaza sifuri memori inayogawiwa, sasa si tuiwashe tu tulale?

Nikamwambia iwashe, kabisa, mimi nimewasha. Ingenifagilia sehemu kubwa ya ule uchafu. Alafu nikamuuliza, muda ukiwa sifuri faili linasema limeandikwa lini? Akajibu 1 Januari 1970. Saa ngapi kwa hapa kwetu? Akafikiri, akasema saa tisa usiku. Sawa. Hesabu ya majina ikiwa sifuri? Faili limekufa. Na mwenye faili akiwa namba sifuri ni nani?

Ukumbi ukajibu wote: root, mwenye mamlaka yote.

Akasema lakini hakuna mfumo unaoacha iwe hivo. Nikamwambia usiku wa leo fungua fs/inode.c, tafuta inode_init_always, shuka mpaka kwenye mstari wenye i_uid_write, uone keneli inakupa inodi mpya ikiwa na mwenyewe namba ngapi, kabla mfumo wako wa mafaili haujasema kitu. Saa tano usiku akanitumia picha ya skrini, hakuandika neno, kazungushia tu ile sifuri kwa nyekundu.